Kutoka Bombani Hadi Kikaoni: Jiografia kwa Mwalimu wa Mabawa

Maji yanayofika Mabawa, jijini Tanga, huanza safari yake juu sana. Mvua hunyesha kwenye msitu wa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, ikajikusanya vijitoni, ikaingia Mto Zigi na kuteremka hadi Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Kutoka hapo maji husafishwa, husukumwa mabombani, na mwisho hujaza ndoo ya mtoto wa darasa la tano anayejiandaa kwenda shule. Njiani yamepita mashamba ya iliki na karafuu, maeneo yaliyowahi kuvamiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ofisi za mamlaka ya maji na, tangu mwaka 2024, hata Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Jiografia wa Tanga, awe wa msingi au wa sekondari, anayetaka wanafunzi wake watoke darasani wakijua dunia inavyowafikia na wao wanavyoweza kuifikia. Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza. Somo lianze na kitu kilicho mkononi mwa mwanafunzi, likifuate kitu hicho hadi mbali kinakotoka au kinakokwenda, kisha lifike mahali ambapo uamuzi juu ya kitu hicho hufanyika. Hatua ya kwanza walimu wengi huifanya vizuri. Ya pili hupitiwa kwa haraka. Ya tatu, ambayo ndiyo inayomlea raia, mara nyingi huachwa kwa sababu haimo kwenye kitabu.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeacha mlango wazi. Katika elimu ya msingi somo sasa linaitwa Jiografia na Mazingira, na jina hilo peke yake linampa mwalimu ruhusa ya kutoka nje ya ukuta wa shule. Mwalimu wa sekondari ana kazi ya ziada, kwa kuwa somo lake hufundishwa kwa Kiingereza huku mvuvi, mama lishe na mtendaji wa mtaa wakizungumza Kiswahili. Hilo lisimzuie. Wanafunzi wakusanye habari kwa Kiswahili, wabishane kwa Kiswahili, kisha wapewe msamiati wa mtihani wakati wa kuandika ripoti. Istilahi hukaa kichwani pale mwanafunzi anapokuwa ameshakiona kitu chenyewe.

Wala asiogope kwamba kazi za nje zitakula muda wa maandalizi ya kidato cha nne. Mtihani huuliza usomaji wa ramani, takwimu, upimaji na misingi ya utafiti. Mwanafunzi aliyepima mtaa wake kwa kamba hahitaji kukariri hatua za upimaji.

Ndoo ya maji

Wiki ya kwanza ni ya kuhesabu. Kila mwanafunzi aandike, kwa siku saba mfululizo, nyumbani kwao yametumika madumu mangapi ya lita 20 na kwa kazi gani: kupika, kuoga, kufua, kuosha vyombo, kunywesha kuku. Karatasi zisiwe na majina. Nyumba moja ina bomba uani, nyingine hununua kwa dumu kutoka kwa jirani, na mtoto hapaswi kuaibishwa na takwimu za nyumbani kwao. Karatasi zikishakusanywa, darasa litafute wastani, lichore grafu, na lijadili kwa nini nyumba mbili zenye idadi sawa ya watu hutumia maji kwa viwango tofauti. Hapo hesabu ya wastani inaanza kuwa habari ya watu.

Wiki ya pili darasa lipande mto. Ramani za Idara ya Upimaji na Ramani za skeli ya 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742, zinaonyesha mistari ya kontua na vijito vyote vinavyoingia Zigi. Shule isiyo nazo itumie atlasi na picha za setilaiti kwenye simu ya mwalimu. Wanafunzi wachore mpaka wa bonde la mto kwa penseli, kisha waweke alama: msitu uko wapi, mashamba yako wapi, bwawa liko wapi, na Mabawa iko wapi. Mtoto aliyechora mstari huo kwa mkono wake huelewa bila kuhubiriwa kwamba anayelima Amani na anayefua Mabawa wanatumia maji yale yale, mmoja juu na mwingine chini.

Jaribio la udongo halina gharama. Chupa mbili kubwa za plastiki zilazwe na kukatwa ubavu mmoja. Moja ijazwe udongo mtupu, nyingine udongo uliofunikwa majani makavu au nyasi zilizopandwa wiki chache kabla. Zote ziinamishwe sawasawa na kumwagiwa kiasi kimoja cha maji. Maji yanayotoka shingoni mwa chupa ya kwanza huwa tope. Ya pili huwa na nafuu kubwa. Mwalimu aulize swali moja tu: hili tope likiingia Mabayani, nani atalipia kulisafisha?

Jibu lake Tanga lipo tayari. Wakulima wa bonde la Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohimiza kilimo kinachohifadhi udongo na kingo za mito, na mamlaka ya maji ya mjini, Tanga UWASA, imekuwa ikishirikiana nao kwa kuwa maji safi huko juu hupunguza gharama za kuyasafisha huku chini. Msitu wenyewe ulipata hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Huu ni mkataba kati ya mlima na mji, na wanafunzi wanastahili kuujadili kama watu wazima. Je, ni haki mkulima aache kulima ukingoni ili mtu wa mjini apate maji masafi? Akiacha, alipwe nini, na nani amlipe?

Kidato cha tatu na cha nne waende mbali zaidi, hadi kwenye fedha. Mwaka 2024 Tanga UWASA ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Mwanafunzi apige hesabu: riba ya mwaka mmoja kwa deni lote ni takribani shilingi bilioni 7.2. Itatoka wapi? Katika ankara za watumiaji. Basi mtumiaji wa Mabawa ana haki ya kuuliza mabomba mapya yamefika wapi, na kuna baraza lililoundwa kisheria kumsemea, yaani EWURA CCC. Mwanafunzi anayejua kwamba baraza hilo lipo, na anayejua namna ya kuliandikia, ameshajifunza kitu ambacho watu wazima wengi wa mjini hawakijui.

Kisha somo livuke bahari. Tanga ina udugu wa miji na Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mji unaochukua maji yake katika Ziwa Erie. Agosti 2014 wakazi wapatao laki tano wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa. Hata kuyachemsha hakukusaidia, kwani sumu iliyokuwamo, ile inayotengenezwa na mwani, haiondoki kwa kuchemsha. Mwani ule ulikuwa umestawi kwa mbolea na samadi zilizosombwa kutoka mashambani, hasa kupitia Mto Maumee. Wananchi hawakunyamaza: Februari 2019 walipiga kura na kupitisha sheria ya mji iliyolipatia ziwa haki za kisheria, na mwaka mmoja baadaye mahakama ya shirikisho ikaibatilisha.

Mfano huu unastahili vipindi viwili vizima. Ni mji wa nchi tajiri ulioshindwa kunywa maji yake kwa sababu ya mambo yanayofanyika mashambani juu ya mto. Wanafunzi wa Mabawa walinganishe njia mbili: Toledo walikwenda kwenye sanduku la kura na mahakamani, huku kwetu mji na wakulima wa Zigi walikaa kuzungumza. Ipi imezaa zaidi, na kwa nini? Mwanafunzi anayelijibu swali hilo kwa hoja hatawatazama tena watu wa mbali kama watu wa kuigwa tu au wa kuonewa huruma tu. Darasa likipenda kuandika barua kwa shule ya Toledo, barua ipitie ofisi ya mkurugenzi wa jiji, na iwe na maswali ya kweli kuhusu maji.

Kamba ya katani

Mtoto wa Tanga hujifunza mfumo wa gridi kabla hajauona kwenye atlasi. Mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa barabara za namba, na anayetumwa dukani anaambiwa barabara ya ngapi, kona ya wapi. Mwalimu aanzie hapo: namba ya barabara ni mhimili mmoja, njia inayoikata ni mhimili wa pili. Baada ya hapo latitudo na longitudo hazitishi. Tanga iko karibu na nyuzi 5 kusini na nyuzi 39 mashariki, na mwanafunzi anaweza kuitafuta kwa njia ile ile aliyotumia kufika dukani.

Sasa kuchora ramani ya mtaa. Vifaa ni kamba ya katani ya mita 50 iliyofungwa kitambaa chekundu kila baada ya mita tano, dira moja (iliyo kwenye simu inatosha), karatasi kubwa, penseli na ubao wa kuegemezea. Kamba ya katani hubadilika urefu ikilowa, kwa hiyo ipimwe upya kwa futi baada ya kila mvua. Darasa la wanafunzi 70 haliwezi kutoka lote kwa pamoja. Ligawanywe katika makundi ya sita, makundi matatu yatoke na mwalimu huku mengine yakibaki na mwalimu msaidizi kuchora yaliyopimwa jana. Mzazi asaini kibali. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa kabla, ili wakazi wasishtuke kuona watoto wakipima mbele ya nyumba zao. Nyuso za watu zisipigwe picha, wala maeneo ya ulinzi na ya bandari.

Cha kuweka kwenye ramani wakiamue wanafunzi wenyewe. Ramani za vitabuni zina hospitali, shule na vituo vya polisi. Ramani ya mtaa iwe na mfereji ulioziba, dimbwi linalobaki siku mbili baada ya mvua, jalala, bomba la kulipia, mti wenye kivuli, njia isiyopitika kwa kiti cha magurudumu, kichochoro kisicho na taa. Wasichana na wavulana wachore kwanza kando kando, kisha ramani zilinganishwe. Tofauti zitakazojitokeza zitamfundisha mwalimu mambo kuhusu mtaa wake. Namba za nyumba zipo tayari, kwa sababu ya kazi ya anwani za makazi iliyofanyika nchi nzima mwaka 2022, na namba hizo ziandikwe badala ya majina ya wenye nyumba.

Kazi ya namna hii imeshabadilisha mambo katika nchi hii. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa chuo walichora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaweza kuichangia bure. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wakazi wa kata zinazofurika, wakaweka mifereji, njia na majengo kwenye ramani moja inayoonekana dunia nzima, na ramani hizo zikatumika katika kupanga namna ya kukabili mafuriko. Walianza kwa kutembea kwa miguu mtaani na kuuliza wenyeji maji hufika wapi mvua ikinyesha.

Ramani iende pamoja na kipimamvua. Chupa ya lita moja na nusu ikatwe sehemu ya juu, kipande hicho kigeuzwe na kupachikwa kama faneli. Chini ziwekwe kokoto na maji hadi pale chupa inapoanza kuwa na upana sawa, na hapo ndipo iandikwe sifuri. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi. Msimu mmoja wa masika ukipita, darasa litakuwa na kitu ambacho hata ofisi ya kata huenda haina: siku iliyonyesha milimita kadhaa na dimbwi lililotokea mahali fulani, vyote kwenye karatasi moja.

Walioufuata mkonge

Kamba ile ile ina habari yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Mmea wenyewe asili yake ni Yucatan, Mexico. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulifikia tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, kisha ukaporomoka kamba za plastiki zilipoingia sokoni na bei ikaanguka.

Kwa wanafunzi wa Mabawa, upande wa watu ndio mzito zaidi. Mashamba yalihitaji mikono mingi, na kuanzia mwaka 1944 shirika la wenye mashamba lililoitwa SILABU lilikusanya wafanyakazi kutoka mbali: Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, na Msumbiji. Waliitwa manamba. Wengi hawakurudi makwao. Walioa, wakajenga, wakazaa. Ndiyo maana katika darasa moja la Tanga wamo wajukuu wa watu waliotoka pembe zote za kanda hii, pamoja na watoto wa Kidigo, Kibondei, Kisambaa na Kisegeju, na wengine wenye asili ya Hadhramaut, Oman au Bara Hindi.

Zoezi lake ni ramani ya safari za familia. Mwanafunzi anayependa, na asilazimishwe asiyependa, amuulize bibi au babu: wazazi wenu walitoka wapi, walikuja kwa njia gani, kwa nini walibaki? Swali la pili ni la leo: ndugu zetu wako wapi sasa? Nyuzi zitatoka Tanga kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Muscat, Dubai, London. Ukutani nyuzi zinazoingia na zinazotoka zitawekwa pamoja, na mjadala juu ya wageni na wahamiaji utakuwa na msingi wa ukweli wa nyumbani. Mpaka wa Tanzania na Kenya pale Horohoro nao uingizwe hapa. Mstari ule una mizizi yake katika makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na Wadigo wakajikuta pande mbili, Mkinga na Kwale. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki inajaribu kuulegeza. Wauza machungwa ya Muheza wanaopeleka mizigo Kenya wanajua ulegevu huo umefika wapi, na wanafaa kualikwa darasani.

Bidhaa nazo huvuka mipaka kama watu, na kwa hilo kiwanda cha mbolea cha Tanga kinatosha kwa kipindi kimoja. Kilifunguliwa mwaka 1972, malighafi zake nyingi zikiagizwa kutoka nje, kikafungwa mwaka 1991. Wanafunzi wapewe ramani na waulizwe kiwanda hicho kilipaswa kujengwa wapi, au kama kilipaswa kujengwa kabisa.

Bahari kwa kalenda ya mwezi

Watoto wengi wa Mabawa wanaijua kalenda ya mwezi kutoka madrasa. Ni hazina ambayo mwalimu wa Jiografia huisahau. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Katikati yake huja maji mafu. Katika pwani hii, siku za bamvua bahari hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Kwa hiyo ziara ya mikokoni ipangwe siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, na darasa litakuta matope wazi ndani ya saa za shule. Mwanafunzi achore mikoko aliyoiona, mchu, mkandaa, mlilana, na aeleze kwa nini mmoja uko mbele majini na mwingine nyuma.

Kwenye soko la samaki la Deep Sea wanafunzi waende wawili wawili, wakiwa wamefundishwa adabu ya kuuliza. Shikamoo kwanza. Kisha wajitambulishe, waseme wametoka shule gani na wanatafuta nini, na wasubiri nahodha amalize kazi yake. Maswali yawe machache: kusi na kaskazi vinabadilishaje uvuvi? Samaki gani wamepungua tangu ujana wako, mzee? Pwani ya Tanga ilijulikana kwa uvuvi wa baruti, na wazee wameona miamba ikivunjwa. Wameona pia vijiji vikikaa pamoja na serikali kulinda maeneo ya uvuvi, kazi iliyopata msukumo katika mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga ulioanza mwaka 1994. Ushahidi wao uandikwe kwa maneno yao.

Na wasimulie habari ya silikanti. Samaki huyu wanasayansi walidhani ametoweka miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti yenye kilomita za mraba 552. Dunia nzima inamtaka samaki huyo aishi, na mvuvi wa kijiji cha Kigombe anataka mlo wa leo. Darasa lisikimbilie kumhukumu yeyote.

Bomba la mafuta na hoja mbili

Ghuba ya Tanga, upande wa Chongoleani, ndiko unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, zikipita mikoa minane. Mafuta ya Ziwa Albert ni mazito na huganda, hivyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima. Agosti 2017 jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuukosoa mradi kwa sababu za haki za watu na mazingira, na serikali za Uganda na Tanzania zikautetea kwa hoja ya maendeleo na haki ya kutumia rasilimali zao.

Walimu wengine hulikwepa jambo hili kwa kuogopa siasa. Kulikwepa ni kumwacha mwanafunzi ajifunze kwa uvumi wa kwenye simu. Lifundishwe kama kikao. Wanafunzi wagawiwe nafasi: mvuvi wa Chongoleani, mkulima wa Kagera aliyepisha mradi na kulipwa fidia, kijana wa Tanga anayetafuta kazi, mhandisi, ofisa wa shirika la mafuta la taifa, mtafiti wa matumbawe, mkazi wa kisiwa cha Pasifiki kinacholiwa na bahari, mama wa Ulaya ambaye nchi yake imechoma mafuta kwa zaidi ya miaka mia. Kila mmoja apewe takwimu zilizothibitishwa, azungumze dakika tatu. Kengele ikilia, wabadilishane viti na kutetea upande uliokuwa ukiwapinga. Mwalimu asiseme anaunga mkono nini. Kazi yake ni kuuliza: umelijua wapi hilo? Limesemwa na nani, na ana faida gani nalo?

Alama zitolewe kwa ushahidi na kwa uwezo wa kueleza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali. Mwanafunzi asipewe alama kwa upande aliouchagua.

Mezani kwa mtendaji

Sasa hatua ya tatu, ile inayoachwa. Darasa lichague jambo moja tu kutoka kwenye ramani ya mtaa, lenye ukubwa unaowezekana: mfereji mmoja, taa moja, jalala moja. Mwanafunzi ajue ngazi zilivyo: mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata na kamati ya maendeleo ya kata, diwani, baraza la madiwani la jiji. Aende kwenye ngazi inayohusika na si juu yake. Barua iwe ya ukurasa mmoja, ikieleza kilichopimwa, mahali kilipo kwa namba ya nyumba, tarehe za mvua na kina cha dimbwi pale vilipokwisha kupimwa, na kinachoombwa. Iambatanishwe na ramani. Wanafunzi wawili, pamoja na mwalimu, waombe dakika kumi kwenye mkutano wa mtaa. Jina la chama chochote lisitajwe ndani ya barua wala kwenye kikao.

Barua ieleze pia darasa litafanya nini lenyewe. Mwaka 1991 Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam, na kutoka hapo ukaanza mtandao wa Roots & Shoots ambao leo uko katika nchi zaidi ya 60. Kanuni yake tangu mwanzo ni kwamba vijana hufanya jambo kwa mikono yao katika mazingira yao. Darasa linaloomba mfereji uzibuliwe liahidi siku yake ya kufagia taka zinazouziba.

Huenda jibu lisije. Hilo nalo liandikwe: tarehe ya barua, aliyeipokea, tarehe ya kukumbusha, kilichosemwa. Mwalimu asiwaahidi wanafunzi ushindi. Awafundishe kufuatilia kwa heshima, kwani wengi katika nchi yetu huandika barua moja, hukata tamaa na kuhitimisha kwamba hawasikilizwi.

Kalenda yenyewe inasaidia. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na ardhi ikiwa kavu, ni miezi ya kamba na ramani. Kipimamvua kiwe tayari kabla ya Machi, masika inapoanza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla yake, kwa hiyo kipimo cha masika ya mwaka huu ndicho kitakachobeba ombi la bajeti ya mwaka unaofuata. Barua ya kwanza kuhusu mfereji ifike kwa mtendaji mwishoni mwa Februari; ya pili, yenye takwimu za mvua, ifike Oktoba, nakala zote zikitunzwa kwenye faili moja ambalo darasa linalopanda litakabidhiwa.